Fundi wangu wa hijama anapiga chuku mbili kwa mpigo: ya mgongo na ya siasa. Nimuhame?

#1 Karani_wa_Gati
Asalaam aleikum wana jukwaa.

Mimi ni mtu wa Mkomani, Lamu, miaka 41, ukarani ndiyo kazi yangu huko bandarini Magogoni. Kila asubuhi boti hadi Mokowe, kutoka hapo gari, jioni narudi njia ile ile. Mgongo ulinishinda mwaka juzi nikaonyeshwa fundi mmoja wa hijama, yaani kuumika kwa chuku, vikombe vinavyovuta damu, hapa mjini. Mkono wake una baraka, siwezi kumdhulumu. Usiku wa kuamkia Ijumaa tunakusanyika kwake baada ya Isha, twasoma uradi wa dhikri na dua, tangawizi yenye mdalasini inazungushwa, kisha wenye haja ya kuumikwa wanabaki mmoja mmoja. Nilikuwa narudi nyumbani mwepesi kama pamba.

Taabu ni ya miezi hii. Akishanilaza kifudifudi, vikombe saba vimeshika ngozi, hapo ndipo anapofungua siasa. Bandari. Serikali jumuishi. Nani kauza ardhi ya nani. Siwezi kuinuka, siwezi kugeuza shingo, najibu "mm" ndani ya mto. Alhamisi iliyopita damu ilitoka nzito, nyeusi, akakiinua kikombe kwenye taa: "Tazameni, hii ndiyo damu ya mtu anayekula mshahara wa bandari." Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Nami nikacheka, kwa aibu.

Uradi wake naupenda. Chuku zake zanifaa. Siasa zake zinanipandisha presha aliyotaka kuishusha. Nifanyeje?

#2 PundaHachoki
Hahaha "mm ndani ya mto". Bwana wewe umetekwa. Hata bunge mtu hutoka nje akikasirika.

#3 BintiLangoni
Waaleikum salaam kaka. Mwambie tu kwa adabu: "Maalim, leo nataka kimya." Mwisho wa uzi.

#4 Nahodha_wa_Kale
Yeo nimesoma haya kwa mato yangu mabovu na miwani ya mjukuu, na nitasema lisilopendeza. Huyo fundi hajakosea. Mwanangu, wewe wadhani mgongo ni wa kwako peke yako na bandari ni kitu kingine kilichoko kule ng'ambo. Mimi nimevua miaka 36. Ulipochimbwa ule mkondo wa meli, kule tulikokuwa tukitega tukawa hatwendi tena. Mtu aliyezoea kuvuta jarife akikalishwa darini, magoti hukaza, usingizi hupotea, sukari huingia. Daktari akaniandikia vidonge. Vidonge vya nini? Ugonjwa wangu una tarehe, tangu ilipofunguliwa bandari mwaka 2019. Sasa mganga akinitibu asiitaje bandari, atakuwa atibu nini?

#5 Kaskazi_Kusi
Ami Nahodha heshima yako, ila sahihisho: gati la kwanza lilifunguliwa 20 Mei 2021. 2019 ni mwaka ambao Mahakama ya Mazingira ilifuta leseni ya ule mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, Juni. Watu huchanganya mambo haya mawili. Na jiwe la msingi la mradi mzima liliwekwa Machi 2012, Kibaki akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia.

#6 Nahodha_wa_Kale
Ahsante kwa tarehe. Kuchimba kulianza kabla ya kufunguliwa, na samaki hawakungoja utepe ukatwe.

#7 Kaskazi_Kusi
Hapo umenishinda. Na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ilikubaliana nawe, ikatamka fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

#8 Sindano_Baridi
Mimi ni muuguzi, si Lamu lakini ni pwani hii hii. Siasa zenu sina haja nazo. Nina maswali matatu kwa Karani. Wembe anafungua mpya mbele yako? Vikombe ni vya kutumia mara moja au anaosha? Na hapo #1 umetaja presha. Ni maneno tu au una presha kweli na unatumia dawa?

#9 Karani_wa_Gati
Wembe ni mpya, naona akifungua karatasi. Vikombe ni vya plastiki, kila mtu ana vyake kwenye mfuko wenye jina lake.

Presha ninayo. Nilikuwa nikimeza amlodipini. Niliacha tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Fundi alisema vidonge ni biashara ya wakubwa, wanataka tuwe wateja mpaka kaburini, akanipa habasoda na asali kijiko asubuhi. Sikulitaja hili mwanzo kwa sababu nilijua mtanirukia.

#10 Sindano_Baridi
Nakurukia sasa hivi.

Kaka yangu, hapo siasa imeshatoka kwenye mdomo wa fundi ikaingia kwenye mishipa yako. Akisema bandari mbaya au nzuri, hakuna mtu amepooza upande kwa sababu hiyo. Akisema acha kidonge cha presha, nimewapokea watu wa hivyo wakiletwa kwa machela, mdomo umekwenda upande, na nyumbani kwao asali imejaa kabatini. Habasoda kula, asali kula, uradi soma. Kidonge rudia, na kabla ya kurudia nenda ukapimwe. Na mtu yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asikaribie wembe wa hijama bila kumuuliza daktari wake.

#11 Mwarobaini_Arubaini
Dada muuguzi nawe usitutie hofu. Hadithi ni sahihi, tiba iko katika asali na katika mchanjo wa kuumika. Na habasoda ni dawa ya kila kitu isipokuwa mauti. Babu zetu waliishi bila amlodipini. Ila hijama ina siku zake, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, pengine Karani anakwenda siku zisizofaa ndiyo maana damu inakuwa nzito.

#12 MwanaChuo_Shela
Sheikh Mwarobaini umechanganya. 13, 14 na 15 ni siku nyeupe, za kufunga. Za hijama zilizotajwa ni 17, 19 na 21. Na katika hadithi hiyo hiyo ya asali kuna la tatu, kuchoma kwa moto, Mtume (SAW) akasema hapendi umma wake wafanye. Kwa hiyo hata ndani ya tiba ya asili kuna "hii ndiyo" na "hii hapana". Haikuwa kumeza kila kitu kwa kuwa ni cha kale.

#13 PundaHachoki
Mwarobaini amechomwa bila moto.

#14 Bongo_Mtazamaji
Salaam kutoka Tanga. Nawasoma nacheka na kusikitika, maana haya sisi tuliyapitia nchi nzima. 2020, wakati wa korona, nyungu haikuwa nyungu tu. Ukijifukiza, wewe ni mzalendo. Ukivaa barakoa, wewe ni kibaraka. Mjomba wangu alikuwa akijifukiza majani ya mkaratusi na mchaichai tangu mimi mtoto, kila akibanwa kifua, wala hajawahi kumuuliza mtu chama chake. Mwaka ule akaacha! Kwa sababu alikuwa upinzani, akaona nyungu imeshakuwa ya rais. Alibanwa kifua wiki mbili, mkaidi, mpaka shangazi akamfunika blanketi kwa nguvu. Naye jirani yake, mtu wa chama, akawa anajifukiza mara tano kwa siku hata hana mafua, ngozi ya uso ikambabuka.

Kwa hiyo Karani, tatizo si fundi kuwa na siasa. Tatizo ni dawa ikishavaa sare.

#15 Kaskazi_Kusi
Huo ndio mwaka ule mlipotuma ndege Madagascar kuleta dawa ya mitishamba?

#16 Bongo_Mtazamaji
Ndiyo, Mei 2020, na mwezi huo huo tukaambiwa papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na korona. Tuyaache, nina ndugu bado hawasemezani.

#17 Mzee_wa_Maweni
Niko Malindi. Sikutaka kuandika lakini dada muuguzi amenigusa. Shakahola, ule msitu wa waliofunga hadi kufa, iko ndani kwetu huku. Aprili 2023 magari ya miili yalikuwa yakipita mbele ya duka langu yakienda chumba cha maiti, nikawa nafunga mlango mmoja. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kesi ni ya mahakama, siisemei. Ila watu wale niliwajua wawili, walikuwa wateja wangu wa unga. Hawakuanza na kufunga hadi kufa. Kwanza walisema hospitali si ya mtu wa Mungu. Kisha shule. Kisha namba ya serikali ni alama ya mnyama. Kila mara lilikuwa jambo moja tu dogo, nami nikipima unga nasema "mm" kama Karani.

#18 Mwarobaini_Arubaini
Hapana hapana. Uradi wa Amu usiulinganishe na Shakahola. Hii ni jeuri.

#19 BintiLangoni
Hajalinganisha uradi. Msome vizuri.

#20 Mzee_wa_Maweni
Sikulinganisha ibada. Nimeilinganisha ile "mm".

#21 Msimamizi
Kumbusho: jina la fundi wala mtaa wake lisitajwe hapa. Nimefuta ujumbe mmoja.

#22 MwanaChuo_Shela
Turudi kwa swali la Karani, maana mimi naona wengi wenu mnadhani zamani ibada ilikuwa huku na siasa kule. Lini? Habib Swaleh alipokaa Langoni akawasomesha watumwa na watu wasio na nasaba, wapo wakubwa wa mji waliochukia. Matari kuingia maulidini kulizua maneno. Leo sote twakwenda Riyadha, msikiti wake, wageni wanatoka hadi Ngazija, na hakuna anayekumbuka kwamba ule ulikuwa msimamo uliougawa mji. Kufundisha alif na be kwa mtu ambaye mji umesema asifundishwe, kama hiyo si siasa basi sijui siasa ni nini.

#23 BintiLangoni
Kweli, lakini tofauti ipo. Habib hakumpigia mtu kelele akiwa amemlaza kifudifudi. Aliufungua mlango, atakaye akaingia.

Nami niwape upande wetu wa wanawake. Kuna bibi mmoja hukanda na kufukiza wanawake waliojifungua, mikono yake inanuka karafuu na mafuta ya nazi tangu alfajiri. Ukifika anakuvua mkufu, anakuuliza umekula nini, basi. Siku moja kwenye mkeka wake walilala wake wa wagombea wawili waliokuwa wakitukanana redioni, mmoja huku mmoja kule, katikati chetezo cha ubani. Bibi hakusema neno la siasa. Aliwapaka liwa usoni wote wawili mpaka hukujua yupi ni yupi. Huyo ndiye mtabibu.

#24 Kaskazi_Kusi
Samahani dada, nadhani namjua bibi unayemsema, na siwezi kunyamaza. Wakati wa vita vya makaa ya mawe, bibi huyo huyo aliweka karatasi za kupinga mtambo chini ya sinia ya liwa. Hukandwi mpaka umetia sahihi. Mke wangu alirudi nyumbani na dole gumba la wino na mgongo umenyooka.

#25 BintiLangoni
🤐

#26 BintiLangoni
Nimemuuliza mamangu. Anasema ni kweli. Anasema naye alitia dole.

#27 PundaHachoki
Uzi huu ufungwe, hautapata jambo tamu zaidi ya hili.

#28 Shamba_Mpeketoni
Habari zenu. Mimi ni Mkristo, nalima Mpeketoni, wazazi walikuja na ule mpango wa makazi wa miaka ya 70. Nina uhakika fundi wa Karani ndiye fundi wangu, kwa zile habari za mifuko yenye majina. Mimi huenda kwake mara moja kila miezi miwili kwa ajili ya bega. Uradi ukianza mimi hukaa nje dakani na kikombe changu cha tangawizi, paka wakinizunguka, na niseme ukweli, zile sauti zikipanda pamoja bega huanza kulegea kabla sijaguswa.

Kinachonishangaza ni hiki. Kwangu mimi hajawahi kutaja siasa hata siku moja. Mvua. Mahindi. Bei ya pamba. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi, nikasema Mpeketoni, akanyamaza kidogo, kisha akasema "karibu." Tangu Juni 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa, watu kama mimi tunajua kusikiliza kunyamaza kwa namna ile. Nilifikiri ni mtu asiye na siasa kabisa. Leo nimesoma #1 nimekaa chini.

#29 Karani_wa_Gati
Wallahi umeniacha mdomo wazi. Mvua na mahindi?

#30 Nahodha_wa_Kale
Mimi nalielewa hili. Mtu hugombana na wake. Karani ni mwana wa mui huu wa Lamu, amemwona ameenda upande wa pili, anamuuma. Wewe bwana wa Mpeketoni ni mgeni wake, na mgeni hapigwi kwa maneno.

#31 Shamba_Mpeketoni
Mzee, nimezaliwa kaunti hii, nina miaka 44. Nitaacha lini kuwa mgeni?

#32 Nahodha_wa_Kale
...Hilo sikulifikiri. Niwie radhi.

#33 Mgombea_Mtarajiwa
Mnazunguka mbuyu. 2027 inakuja. Mtu ana kundi la kila Alhamisi, anajua nani anaumwa nini, Shamba anaongeleshwa mvua kwa sababu hapigi kura wadi ya mjini. Ngojeni mabango.

#34 MwanaChuo_Shela
Dhana. Hujui kama anagombea.

#35 Mgombea_Mtarajiwa
Sijui. Ila najua bei ya tangawizi, na yeye anaigawa bure.

#36 Jogoo_wa_Shela
Mimi hufundisha wageni mazoezi ya pumzi na kunyoosha viungo, ufukweni, saa kumi na mbili asubuhi. Sheria yetu ni moja, siasa hairuhusiwi, tunapumua tu. Miaka mingi nilijivunia. Mwezi uliopita mvuvi akaja kuvuta ngalawa yake akapitisha kamba katikati ya mikeka, mgeni mmoja akamwambia aongee taratibu, hapa ni mahali pa amani. Mvuvi akauliza, "Pwani hii mmeinunua?" Mimi ndiye niliyepaswa kujibu, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, nikasema "tuvute pumzi." Aibu yake ninayo mpaka leo. Kwa hiyo Karani, hao wasioongea siasa wana ya kwao pia.

#37 PundaHachoki
"Tuvute pumzi" na "mm" ni ndugu baba mmoja mama mmoja.

#38 Mwarobaini_Arubaini
Nyinyi wote hamkuwepo Oktoba 2025 Raila alipofariki kule Kerala, alikokuwa kwenye tiba ya Ayurveda. Siku zile kila baraza ilikuwa mganga. Huyu anasema mitishamba imemuua, yule anasema angekwenda mapema angepona. Mkunguni pale watu walikuwa karibu kuvuana kofia.

#39 Sindano_Baridi
Alianguka akiwa kwenye matembezi ya asubuhi, moyo ukasimama. Mtu wa miaka 80. Hilo halithibitishi lolote kwa upande wa mitishamba wala wa hospitali, na hayo ndiyo watu wasiyotaka kusikia.

#40 Mwarobaini_Arubaini
Hapa nakubaliana nawe, andika tarehe.

#41 Sindano_Baridi
Karani umepotea. Umepimwa?

#42 Karani_wa_Gati
Nimerudi, samahanini, kazi ilikuwa nyingi.

Nilipimwa Jumatatu. 168 kwa 102. Daktari hakunigombeza, aliandika tu, nikaona bora angenigombeza. Vidonge nimerudia. Habasoda naendelea, alisema haina neno.

Alhamisi sikwenda kwa fundi wangu. Nilikwenda kwa mwingine, mtaa wa chini, nilisikia mkono wake nao si mbaya. Ukuta mweupe, zulia safi, hakuna uradi, kuna kiyoyozi. Nikalala. Vikombe vikashika. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema bandarini. Alifurahi! Akaanza. Bandari ni neema, wanaopinga ni wavivu, wavuvi wanataka hela za bure, wenye shida ni wale wa uradi wanaojifanya watakatifu. Ami Nahodha, alisema mambo ya wavuvi ambayo nilishukuru hukuwepo. Anasema yale ambayo yanapaswa kunifurahisha mimi mtu wa mshahara wa bandari, na nikajikuta nabishana naye, kifudifudi, mdomo umejaa mto, nikisema 4,600, bilioni 1.76, tarehe zote za Kaskazi. Kombe moja likang'oka likaanguka.

#43 PundaHachoki
Chuku imeng'olewa na chuku.

#44 Nahodha_wa_Kale
Mwanangu. Ahsante.

#45 Sindano_Baridi
168 kwa 102 halafu unabishana umelala kifudifudi. Mimi nitaacha kazi.

#46 BintiLangoni
Na mgongo je?

#47 Karani_wa_Gati
Umepona upande wa kushoto. Wa kulia ndiko lilikong'oka kombe.

#48 Shamba_Mpeketoni
Alhamisi ijayo nakuja mjini kwa bega. Twende pamoja kwa yule wa kwanza. Ulale wewe kwanza, mimi nikae hapo hapo chumbani badala ya dakani, tuone ataongea nini.

#49 Karani_wa_Gati
Akiongea mvua mbele yako na mimi nimelala pale, nitajua la kufanya. Akiongea bandari mbele yako, wewe ndiye utakayekuwa na la kufanya. Boti ya saa ngapi?

#50 Shamba_Mpeketoni
Ya saa tisa kutoka Mokowe, kusi ikiruhusu. Nakuletea mahindi mabichi.

#51 Mwarobaini_Arubaini
Samahani kwa kutoka nje ya mada: kuna mtu anauza asali ya mikoko isiyochanganywa sukari? Ile niliyouziwa wiki jana imeganda chini kama chumvi.